Kengele ya Ndama

Mkeka ulikuwa umempima Ipyana kwa dakika kumi na nne, na mstari wake ukutani ulikuwa unashuka.

Bi Subilaga aliutazama ukishuka kama mtu anayeona maziwa yakifurika jikoni huku mikono yake yote miwili imeshika kitu kingine. Alikuwa mpangaji wa uchunguzi katika kituo cha watoto wachanga cha Isumba, juu kidogo ya Tukuyu, na kwa miaka tisa tangu Mkeka uletwe alikuwa ameona mistari ya kila namna. Iliyopanda, iliyolala, iliyopindapinda na kunyooka. Huu ulishuka bila kusitasita.

Kwa macho ulikuwa mkeka tu, wa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani. Mafundi waliufanya hivyo makusudi ili akina mama wasiogope. Lakini ndani yake zilipita nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikipima uzito wa kisigino, mapigo ya moyo na joto la kiganja. Darini vijicho sita vilifuata mboni na viungo vya mtoto. Kwenye pembe za chumba vipaza sauti vilitoa mlio kwa zamu, na Mkeka ukangoja mtoto ageukie unakotoka. Kwa robo saa ulikusanya yale ambayo zamani muuguzi aliyakusanya kwa mwaka mzima, kisha ukachora mstari kuanzia miezi kumi na minane mpaka miaka saba. Ukibaki ndani ya ukanda wa kijani, mama anaondoka na mtoto wake na kadi mkononi. Ukitoka nje ya ukanda, mtoto anapelekwa Nyumba ya Malezi kule Mbeya mjini, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka afikishe hiyo miaka saba.

Tusiisingizie Nyumba ya Malezi. Walimu walikuwa wema, uji ulikuwa mzito, na watoto wengi walisaidika kweli. Ila mtoto aliyezoea kulala mgongoni mwa mama yake alirudi Ijumaa jioni akaangaliana na mama huyo kama wageni, na ikifika Jumapili wameanza kuzoeana, gari linakuja tena.

Mlio wa mwisho ulitoka pembe ya dirishani. Ipyana, aliyekaa katikati ya Mkeka na fulana yake ya sufu, hakuligeukia dirisha. Aligeuka nyuma kwa mama yake, Atuganile, aliyekaa kwenye kigoda, akarusharusha mikono. Bi Subilaga hakuiona hiyo mikono. Alikuwa anatazama ukuta.

Maandishi yalitokea chini ya mstari: *Milio minne, hakugeukia hata mmoja. Maneno, hakuna. Mikono, miondoko isiyo na lengo. Nje ya ukanda.*

Atuganile aliyasoma naye. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na kwenye miwani yake kila kilichosemwa chumbani kilipita kwa maandishi madogo, lakini haya ya ukutani hayakuhitaji miwani. Alimnyanyua mtoto, akamweka mapajani, akamfunika na ncha ya kitenge. Hakulia. Alimtazama tu Bi Subilaga, na Bi Subilaga akajikuta anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Mngoje kidogo hapo barazani," alisema. "Kuna uji wa moto. Nitakuja."

*

Lusekelo, fundi wa Mkeka, alingoja mpaka mlango ufungwe. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na mistari yao yote mitatu ilining'inia sebuleni kwake kwenye fremu.

"Saa kumi jioni faili linajifunga, mama," alisema. "Bila muhuri wako halitoki, na likitoka na muhuri wako, gari la Mbeya linakuja Jumatatu."

"Nalijua gari la Mbeya."

"Basi andika homa." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. "Siku ya kupima inabatilishwa kwa homa, kwa usingizi au kwa umeme kukatika. Andika homa. Apimwe duru ijayo, baada ya miezi sita. Nani atajua?"

"Mkeka umeshapima joto lake."

"Nyuzi huwa zinaharibika. Mimi ndiye ninayezitengeneza."

Alilisema kwa wema, na hilo ndilo lililomtesa Bi Subilaga. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ilionekana pana, imefagiliwa, na mwenzake amesimama kando anamshikia lango. Angeandika neno moja la herufi nne, na Atuganile angeshuka kilima na mwanawe. Miezi sita. Angemwambia, ngoja kidogo, watoto hawafanani.

Maneno hayo yalipomjia kichwani alisimama ghafla, akaenda kwenye kabati la nyuma.

Alikuwa ameshawahi kuyasema. Aliyasema miaka thelathini na moja iliyopita, katika jengo hilihili, wakati ukuta huu haujapakwa rangi inayoweza kuandikika.

Ukitaka kumfurahisha Bi Subilaga, mwulize habari za kliniki ya Jumatatu ya zamani. Akina mama walifika ukungu haujapanda, wamekaa kwenye mabenchi mpaka nje, kanga zimelowa, chumba kizima kinanuka mvua, maziwa na sabuni ya kufulia. Mzani ulining'inia kwenye boriti, na kila mtoto alivishwa ile suruali ya kupimia yenye kamba, akaning'inizwa akipiga mateke na kelele za kutangaza dhuluma. Akina mama walicheka. Mmoja alianzisha wimbo wa kunyonyesha, wengine wakapokea. Kadi za kliniki zilitunzwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na mama aliyepoteza kadi alijieleza kama aliyepoteza cheti cha ndoa.

Na kulikuwa na sanduku. Seremala wa sokoni alilitengeneza kwa mbao za mkaratusi kwa maelezo ya Bi Subilaga mwenyewe, alipokuwa na miaka ishirini na sita na anajiona anajua kila kitu. Ndani mlikuwa na donge la sufu nyekundu la kumfuatisha mtoto macho, kijiko, kikombe cha bati, vipande sita vya mbao vya kupanganisha, kopo lenye maharage matatu, na kengele ndogo ya shaba iliyowahi kufungwa shingoni mwa ndama wa baba yake. Ulikaa chini sakafuni na mama, mtoto katikati, mkazungumza. Anakula nini? Analala na nani? Nani anambeba mchana? Kengele ikilia nyuma yake anageuka? Kipimo hakikuwa na dakika. Kilikwisha mlipoelewana.

Aliupenda wakati ule mpaka leo, na ndiyo maana hakupenda kukumbuka Jumatatu moja.

Bibi Tusajigwe alikuwa amemleta binti yake, Atuganile, hajatimiza mwaka. "Mwanangu haniitikii," alisema. Bi Subilaga alisimama dirishani, jua la saa tatu likiwa mgongoni kwake, akapiga kengele. Mtoto akageuka. Akapiga tena, akageuka tena. Akaweka alama kwenye kadi: anasikia. "Ngoja kidogo, mama," alisema kwa ile sauti ya kutuliza waliyofundishwa chuoni, "watoto hawafanani."

Bibi Tusajigwe alingoja. Alikuwa mtu wa kutii wataalamu. Miaka minne ikapita ndipo ikajulikana kuwa mtoto ni kiziwi, na katika miaka hiyo minne mtoto hakuwa na lugha yoyote, si ya mdomo wala ya mikono, alikuwa anavuta watu nguo. Mkufunzi mmoja alipokuja baadaye kuwaonyesha namna ya kupima usikivu, alisema: msisimame penye mwanga. Mtoto hugeukia kivuli. Bi Subilaga alikuwa anaandika maneno hayo daftarini, kalamu ikamsimama mkononi.

Alikwenda mara tatu nyumbani kwa Bibi Tusajigwe kuomba radhi. Mara zote alifika kwenye migomba ya mwanzo ya kiwanja, akageuka.

*

Sanduku lilikuwa chini ya mapazia ya zamani. Bawaba zilikuwa na kutu, donge la sufu limeliwa na nondo, lakini kengele ilikuwa nzima. Aliifunika kiganjani isilie.

"Uzime Mkeka," alimwambia Lusekelo. "Na funga pazia la dirisha."

"Mama, hicho hakihesabiki popote."

"Sijasema kihesabiwe. Nataka kujua."

Maana hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Huenda Mkeka haukukosea. Mama yake kiziwi, mtoto naye huenda alikuwa kiziwi, na kama ndivyo, kuandika homa kungekuwa kumtendea mwana kile alichomtendea mama. Na kama hakuwa kiziwi, kupiga muhuri kungekuwa kumwondoa mtoto mzima katika mgongo wa mama yake. Alikuwa na muda mpaka saa kumi kujua ni dhambi ipi anaikwepa.

Aliwaita. Atuganile aliingia na mtoto aliyebakiwa na uji kidevuni. Walikaa chini watatu, sakafuni, magoti ya Bi Subilaga yakilalamika. Mtoto alipewa vipande vya mbao. Alivitazama, akakipandisha kimoja juu ya kingine, cha tatu kikaanguka, akacheka kwa sauti.

Safari hii Bi Subilaga aliondoka polepole, akazunguka mpaka nyuma ya mtoto, kando, mbali na mlango na mwanga wote. Aliangalia sakafu kuhakikisha kivuli chake hakimfikii. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakutazama ukuta. Alimtazama mtoto, akapiga kengele mara moja.

Ipyana aliacha kipande cha mbao. Hakugeuka nyuma. Alimwinulia mama yake uso, akagusa sikio lake kwa kidole, kisha akafungua ngumi kuelekea nyuma alikotoka mlio.

Atuganile aliitikia kwa kichwa, akamjibu kwa mikono, akamwelekeza kwa Bi Subilaga. Ndipo mtoto akageuka kumtazama mpigaji.

Bi Subilaga alipiga tena kutoka upande wa pili. Mtoto alifanya vilevile. Sikio, ngumi ikafunguka, macho kwa mama. Akapiga mara ya tatu kutoka nyuma ya kabati, na mikono ile midogo ikapeleka habari ileile mahali palepale.

Alama za mikono alizozijua Bi Subilaga hazikuzidi arobaini. Alijifunza ukubwani, kwa aibu, kwenye kitabu chenye picha. Lakini hizo mbili zilikuwemo ukurasa wa kwanza.

"Anakuambia," alisema, na maneno yakapita kwenye miwani ya Atuganile. "Anakuambia kuna kitu kinalia."

Atuganile aliandika kwa kidole kwenye kibao chake kidogo, akakigeuza: *Kila siku. Jogoo, pikipiki, mtu akibisha hodi. Alianza mwezi wa kumi na nne. Hakuna aliyemfundisha. Ameona mwenyewe kwamba mimi sisikii.*

Lusekelo alikaa chini kwenye kigoda. "Kwa hiyo alisikia milio yote minne," alisema.

"Alisikia yote, na yote akaipeleka kwa mwenye kuihitaji." Bi Subilaga aliifunika kengele kiganjani. "Na sisi tumeandika mikono yake haina lengo."

*

Ilibaki kujua kwa nini. Mkeka haukuwa mjinga kiasi hicho. Ulisoma lugha thelathini na mbili, na ya alama ilikuwemo. Ukiambiwa nyumbani kwa mtoto wanazungumza kwa mikono, vijicho vya darini huacha kuihesabu mikono kama viungo, vikaanza kuisoma kama mdomo. Lakini sharti uambiwe. Anayeuambia ni mpangaji, mwezi wa kwanza, anapokaa na majina ya duru nzima na kupanga kila mmoja: umri, siku, saa ambayo hasinzii, mahali pa kukaa mama, lugha ya nyumbani. Mpango mzuri ni nusu ya kipimo, Bi Subilaga alikuwa akiwaambia wanaojifunza kazi, na wao wakaandika.

Alifungua mpango. Duru ya Isumba, watoto arobaini na mmoja. Alishuka mpaka namba kumi na saba.

*Ipyana. Kaya ya mjomba wa mama. Lugha ya nyumbani: Kinyakyusa.*

Yeye ndiye aliyeandika. Alikumbuka hata siku yenyewe, mvua ikinyesha, chai ikipoa. Alipoliona jina la Atuganile penye nafasi ya mama, alijaza haraka, kama anavyojaza kila kaya ya kilima kile, akageuza ukurasa. Tangu kosa lake lijulikane hakuwahi kulisoma jina hilo mpaka mwisho bila macho kukimbia, na siku hiyo pia yalikimbia. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Yeye alikuwa ameficha kosa mpaka likazaa jingine.

"Rekebisha sasa hivi, basi," Lusekelo alisema juu ya bega lake.

"Umefungwa. Mpango ukishaanza kutumika haurekebishwi." Aliteremsha ukurasa wa sababu mpaka chini kabisa, chini ya homa, usingizi na umeme, palipokuwa na mstari wa nne ambao hakuna aliyewahi kuugusa. *Mpango ulikosewa.*

Fundi alisoma kilichofuata kwa sauti, kana kwamba akikisoma yeye kitapungua. Duru yote inabatilika, watoto wote arobaini na mmoja wanapimwa upya chini ya mpangaji mwingine. Aliyepanga anarudisha muhuri, na harudishiwi.

"Mama, umebakiza miezi saba ustaafu kwa heshima. Na hao arobaini? Kuna watu wameshatangaza mistari ya watoto wao kanisani. Mama wa wale mapacha amechinja."

"Nitawafuata mmoja mmoja niwaambie. Wakinisema, wanisemee mbele yangu."

"Homa ni herufi nne tu."

"Najua. Na ukiiandika, Lusekelo, baada ya miezi sita analetwa kwenye Mkeka uleule wenye lugha ileile, na atakayempima hajui kwa nini." Alimgeukia. "Mimi nilishamwambia mama mmoja angoje. Alingoja miaka minne. Sina ngoja nyingine ya kuwapa watu hawa."

Lusekelo alikwenda kuwasha Mkeka ili faili lifunguke, na alipopita alimgusa bega.

Kabla ya kugusa mstari wa nne, Bi Subilaga alitoka barazani. Atuganile alikuwa anafunga mbeleko, mtoto akiwa tayari mgongoni. Bi Subilaga alisimama mbele yake penye mwanga wa kutosha, auone mdomo na mikono, akamweleza. Mwanao anasikia na anasema. Kosa lilikuwa langu kwenye karatasi, nitalisema, na atapimwa upya na mtu atakayeisoma mikono yake. Halafu akaeleza na lile la pili, la dirisha na jua na kivuli, na kadi aliyoiwekea alama. Alichanganya maneno na zile alama zake arobaini, na hakujua ni zipi zilikuwa sahihi.

Atuganile alisoma mpaka mwisho. Miwani ilipokwisha kuandika aliivua, akaifuta kwa kitenge, akachukua kibao.

*Najua. Mama aliniambia kabla hajafa.* Alifuta, akaandika tena. *Alikuona kwenye migomba. Mara zote tatu. Mara ya tatu alikuwa amekuinjikia chai.*

Bi Subilaga aliyasoma maneno hayo mara mbili. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, mtu mzima barazani saa sita mchana. Chai ile ilimwuma kuliko angetukanwa.

"Ndaga," alisema. Lilikuwa neno la shukrani la nyumbani, na hakuwa na jingine.

Atuganile alivaa miwani, akanyosha mkono akampangusa shavu kama anavyopanguswa mtoto, bila haraka. Kisha akaelekeza kidole kwenye mfuko wa koti la Bi Subilaga, mahali kengele ilipokuwa imetuna, akauliza kwa nyusi. Ipyana alikuwa ameinyoshea mkono muda wote huo.

Bi Subilaga alimpa.

Akarudi ndani, akagusa mstari wa nne, akaweka muhuri wake mezani mbele ya Lusekelo. Ukuta ulifuta mistari yote arobaini na moja, ukabaki mweupe kama ulivyokuwa enzi za mzani wa boriti. Alisogea dirishani, akafungua pazia.

Chini barabarani Atuganile alikuwa anateremka kati ya mashamba ya chai, na kengele ya ndama ilikuwa inalia mgongoni kwake. Mama hakugeuka, hakuwa na namna ya kujua. Lakini kila ilipolia, mkono mdogo ulitokeza begani kwake, ukagusa sikio, ukafunguka, kumpa habari.